Dawa ya Kontrasti Katika Picha za Uchunguzi: Usalama Huanza na Maelezo Yako

Tuchukue mfano. Mzee mwenye umri wa miaka 68 ameandikiwa kipimo cha CT-skani ya tumbo. Amefika hospitalini alfajiri akiwa na binti yake. Kabla ya kuitwa ndani, wanapewa karatasi yenye maswali: Je, umewahi kupata mzio wa dawa? Je, una ugonjwa wa figo? Je, unatumia dawa za kisukari? Foleni ni ndefu na kalamu ni ya kuazima. Binti anaweka alama kwenye neno "Hapana" mbele ya kila swali, anairudisha karatasi kwa muuguzi na kusema, "Baba hana tatizo lolote, dada."

Binti huyo hakukusudia kudanganya. Aliiona karatasi ile kuwa ya utaratibu tu, sawa na daftari la kuandikisha majina mapokezi. Lakini baba yake ana kisukari kwa miaka 15, anameza vidonge vya metformini asubuhi na jioni, na mwaka uliopita aliambiwa kuwa figo zake zimeanza kudhoofika.

Somo hili linahusu karatasi ile. Dawa ya kontrasti hutumika kila siku katika hospitali zetu, na kwa watu walio wengi haileti madhara makubwa. Hata hivyo, usalama wake hujengwa kwa sehemu kubwa kabla ya sindano kuingia mwilini, na sehemu ya kazi hiyo imo mikononi mwa mgonjwa na ndugu zake.

Dawa ya kontrasti ni nini?

Dawa ya kontrasti, ambayo wagonjwa wengi huiita "dawa ya rangi", ni dawa inayoingizwa mwilini ili kiungo au mshipa uonekane vizuri katika picha. Haitibu ugonjwa. Kazi yake ni kumwezesha daktari kuona.

Mionzi ya eksirei hupita kwa wepesi katika viungo laini na huzuiwa zaidi na mifupa, ndiyo maana mifupa huonekana myeupe katika picha. Utumbo, figo na mishipa ya damu huizuia mionzi hiyo kwa viwango vinavyokaribiana. Kuvitofautisha ni kama kutafuta uzi mweupe juu ya shuka jeupe. Dawa ya kontrasti huupa uzi huo rangi nyingine kwa muda mfupi, kisha mwili huitoa, aghalabu kwa njia ya mkojo au choo.

Jambo moja huwachanganya wengi: dawa za kontrasti zinazozungumziwa katika somo hili si mionzi. Katika CT-skani, mionzi hutoka kwenye mashine. Kipimo cha MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, na ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti. Vipimo hivyo viwili havitumii mionzi ya eksirei kabisa.

Aina tatu unazoweza kukutana nazo

Bariamu. Huu ni unga mweupe wa bariamu salfeti uliochanganywa na maji. Mgonjwa huunywa au huingiziwa kwa njia ya haja kubwa ili koo la chakula, tumbo au utumbo uonekane. Bariamu salfeti haiyeyuki, hivyo hupita tumboni na kutoka pamoja na choo bila kuingia kwenye damu. Baada ya kipimo, choo huweza kuwa cheupe kwa siku chache, na mgonjwa hushauriwa kunywa maji ya kutosha ili asifunge choo. Anayeshukiwa kuwa na tundu katika utumbo hapaswi kupewa bariamu. Daktari humchagulia dawa nyingine.

Dawa zenye iodini. Iodini ndiyo ile tunayoiita madini joto katika chumvi ya mezani. Dawa hizi huchomwa katika mshipa kwa ajili ya CT-skani na uchunguzi wa mishipa ya damu na ya moyo. Hutumika pia katika kipimo cha mirija ya uzazi, ambapo dawa hupitishwa kwenye mlango wa kizazi.

Dawa zenye gadoliniamu. Gadoliniamu ni metali inayobadilisha mwitikio wa viungo kwa sumaku ya MRI. Metali hiyo ikiwa peke yake ni sumu, kwa hiyo watengenezaji huifunga ndani ya molekuli nyingine ili itoke mwilini ikiwa bado imefungwa.

Yaliyobadilika katika miaka hamsini iliyopita

Dawa za iodini za zamani zilikuwa na uzito mkubwa wa chumvi kuliko damu. Zilipoingia mshipani zilivuta maji kutoka katika chembechembe za mwili, kama vile chumvi inavyotoa maji katika samaki anayeandaliwa kuwa ng'onda. Wagonjwa walihisi maumivu makali na joto kali. Daktari Torsten Almén wa Uswidi alitambua kuwa macho yake yaliuma zaidi alipoogelea katika bahari yenye chumvi nyingi kuliko katika maji yenye chumvi kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliitumia fikra hiyo kupendekeza dawa isiyo na nguvu ile ya kuvuta maji. Dawa zinazotumika leo katika CT-skani ni za ukoo huo mpya.

Tofauti yake inapimika. Utafiti mkubwa uliofanyika Japani na kuchapishwa mwaka 1990 ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 330,000. Waliopata madhara makubwa walikuwa takribani 22 katika kila 10,000 waliochomwa dawa za zamani, na takribani 4 katika kila 10,000 waliochomwa dawa mpya. Hatari imepungua sana, lakini haijaisha. Hao wanne ndio sababu ya maswali unayoulizwa.

Mambo sita ya kueleza kabla ya kipimo

1. Kama uliwahi kudhurika na dawa ya kontrasti. Hili ndilo jambo la kwanza na kubwa kuliko yote. Eleza ilikuwa lini, ilikuwa dawa gani ikiwa unajua, na ilikufanya nini. Daktari anaweza kuchagua dawa nyingine, kukupa dawa ya kinga mapema, au kutumia kipimo kisichohitaji kontrasti.

2. Kama una pumu au mzio mkali wa kitu chochote. Hali hizi huongeza uwezekano wa madhara kwa kiasi. Hazimaanishi kuwa kipimo hakiwezekani.

3. Hali ya figo zako. Taja ugonjwa wa figo, kusafishwa damu kwa mashine, upasuaji wa figo, au kuzaliwa na figo moja. Kipimo cha damu cha kreatinini humsaidia daktari kukadiria uwezo wa figo kuchuja damu. Kwa kijana mwenye afya, kiwango hicho huwa takribani mililita 90 au zaidi kwa dakika. Kikishuka chini ya 30, wataalamu huwa waangalifu zaidi. Ikiwa una majibu ya karibuni ya kipimo hicho, nenda nayo.

4. Dawa zote unazotumia. Usiache dawa za asili wala za kununua dukani bila cheti. Kwa mwenye kisukari, taja metformini kwa jina. Dawa hii haigombani na kontrasti moja kwa moja. Hutoka mwilini kupitia figo, na figo zikidhoofika ghafla hurundikana na inaweza kusababisha asidi nyingi kupita kiasi katika damu. Mwenye figo imara kwa kawaida huendelea kuitumia. Mwenye figo zilizodhoofika sana husimamishiwa dawa hiyo wakati wa kipimo na kwa saa 48 zinazofuata, kisha figo hupimwa tena kabla ya kuirudia. Usiisimamishe kwa uamuzi wako mwenyewe, maana sukari inaweza kupanda. Muulize daktari.

5. Ugonjwa wa tezi ya shingo. Mwenye rovu, au ambaye tezi yake hufanya kazi kupita kiasi, aseme. Iodini nyingi inayoingia kwa mara moja inaweza kuichochea zaidi.

6. Ujauzito, au uwezekano wa kuwa na ujauzito. Dawa ya gadoliniamu huepukwa kwa mjamzito isipokuwa pale inapohitajika kabisa, na mionzi ya CT-skani nayo hupimwa kwa uangalifu. Kipimo cha mirija ya uzazi hakifanywi kwa mwanamke mwenye mimba. Ndiyo maana hupangwa siku za mwanzo za mzunguko, baada ya hedhi kukoma.

Katika dharura, kwa mfano ajali au kiharusi, daktari anaweza kuendelea bila kusubiri majibu ya figo kwa kuwa kuchelewa kunaweza kuwa na hatari kubwa zaidi. Hata hapo, ndugu aliyefuatana na mgonjwa aseme anachokijua.

"Sili kamba wala pweza, je, nitadhurika?"

Swali hili huulizwa sana, hasa na wakazi wa pwani. Imani ya kuwa mtu anayedhurika na samaki au kamba hawezi kuchomwa dawa ya iodini imeenea duniani kote, na si sahihi. Kinachomdhuru mtu huyo ni protini zilizomo katika nyama ya samaki au kamba. Iodini imo katika chumvi ya mezani tunayokula kila siku, na mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Sema kuwa una mzio huo, kama ambavyo ungetaja mzio mwingine wowote, lakini usikatae kipimo muhimu kwa sababu hiyo peke yake.

Hofu nyingine ni ya kina mama wanaonyonyesha. Kiasi cha dawa kinachoingia katika maziwa ni kidogo sana. Kwa dawa za iodini ni chini ya asilimia 1 ya kile alichochomwa mama, na kwa gadoliniamu ni kidogo zaidi ya hapo. Sehemu ndogo tu ya kiasi hicho hufyonzwa na utumbo wa mtoto. Kwa kawaida mama anaweza kuendelea kunyonyesha. Ikiwa bado ana wasiwasi, azungumze na daktari kabla ya siku ya kipimo ili, akiamua kusubiri, awe amekamua maziwa ya akiba.

Wakati wa sindano: lipi ni la kawaida na lipi ni la hatari?

Dawa ya iodini ikiingia, wengi huhisi joto likienea mwilini, ladha ya chuma mdomoni, na hisia ya kama wamejikojolea ilhali hawajajikojolea. Hisia hizi hupita ndani ya dakika chache. Kichefuchefu kidogo nacho si ajabu.

Mwambie mhudumu papo hapo, hata kama mashine inafanya kazi, ukipata mojawapo ya haya:

- kuwashwa mwili au kutokwa na vipele vya mzio;
- kuvimba uso, midomo au koo;
- kupumua kwa shida, kukohoa mfululizo au kifua kubana;
- kizunguzungu kikali au kuhisi unazimia;
- maumivu makali au uvimbe mahali ulipochomwa, ambao unaweza kuwa ishara kuwa dawa inavuja nje ya mshipa.

Usivumilie kwa kuona haya. Chumba cha kipimo kinapaswa kuwa na dawa za dharura, ikiwemo adrenalini, pamoja na oksijeni na mhudumu anayejua kuzitumia. Una haki ya kuuliza kwa heshima, "Naomba kujua, nikidhurika hapa nitasaidiwaje?" Mtaalamu mzuri hachukizwi na swali hilo.

Baada ya kipimo

Kaa hospitalini kwa dakika 30 kabla ya kuondoka, kwa kuwa madhara makali mengi hujitokeza ndani ya muda huo. Kunywa maji ya kutosha, isipokuwa kama daktari amekuwekea kiwango kwa sababu ya moyo au figo. Vipele na kuwashwa vinaweza pia kuchelewa, kuanzia saa moja hadi siku saba. Vikitokea, rudi kituo cha afya ukaeleze kuwa ulichomwa dawa ya kontrasti na siku uliyochomwa. Ukikojoa mkojo kidogo kuliko kawaida, au miguu ikivimba, usingoje siku ya kliniki.

Omba jina la dawa uliyopewa liandikwe katika cheti au daftari lako. Siku utakapoulizwa tena, "Umewahi kuchomwa kontrasti?", jibu lako litakuwa na jina kamili.

Ukitumwa kununua dawa nje

Mara nyingine mgonjwa huandikiwa kununua dawa ya kontrasti katika duka la dawa nje ya hospitali. Zingatia haya:

- Nunua katika famasi iliyosajiliwa, na udai risiti.
- Linganisha jina na kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kile kilichoandikwa kwenye cheti. Majina ya dawa hizi hufanana.
- Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo. Zikiwa zimefutika au kubandikwa upya, usinunue.
- Kataa chupa iliyofunguliwa au yenye kifuniko kilicholegea. Dawa ya sindano ikiwa na chembechembe au imebadilika rangi, irudishe.
- Usiiache juani wala kwenye gari lililofungwa. Ipeleke hospitalini moja kwa moja.

Tahadhari hizi zina sababu. Mwaka 2003 nchini Brazil, watu kadhaa walipoteza maisha baada ya kunywa dawa ya bariamu iliyotengenezwa vibaya. Ndani yake mlikuwa na bariamu kaboneti, ambayo huyeyuka katika asidi ya tumbo na kuiingiza sumu ya bariamu kwenye damu. Bariamu salfeti na bariamu kaboneti zote ni unga mweupe, na jicho la mnunuzi haliwezi kuzitofautisha. Ndiyo maana dawa hupimwa na kusajiliwa kabla ya kuuzwa, na ndiyo maana hupaswi kununua "unga wa eksirei" kwa mtu asiye na kibali, hata akikupa bei nafuu.

Kwa nini utoe taarifa ukidhurika?

Kuanzia mwaka 1997, madaktari nchini Marekani walianza kuona wagonjwa wa figo ambao ngozi zao zilikuwa ngumu na viungo vyao kukakamaa. Chanzo hakikujulikana. Mwaka 2006, madaktari wa Ulaya waliopitia kumbukumbu za wagonjwa wao waligundua kuwa walikuwa wamepigwa MRI kwa dawa za gadoliniamu. Mamlaka za dawa zilitoa tahadhari, hospitali zikaanza kuuliza kuhusu figo kabla ya sindano na kuchagua dawa ambazo gadoliniamu imefungwa kwa uimara zaidi, na wagonjwa wapya wakawa wachache sana. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisitisha matumizi ya dawa kadhaa za aina isiyofunga metali hiyo kwa uimara, baada ya kubainika kuwa mabaki yake hukaa katika ubongo, ingawa hayajathibitishwa kuleta ugonjwa wa ubongo.

Ugunduzi huo uliwezekana kwa sababu mtu aliandika jina la dawa, na mtu mwingine akazilinganisha kumbukumbu. Taarifa moja inaweza kuonekana ndogo. Taarifa nyingi zikikusanywa mahali pamoja huonesha kile ambacho hospitali moja haiwezi kukiona.

Ukidhurika, mweleze mtoa huduma na umwombe ajaze fomu ya taarifa ya madhara ya dawa. Kwa Tanzania Bara, taarifa hizo hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na kwa Zanzibar ni Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA). Mgonjwa au ndugu yake anaweza pia kutoa taarifa mwenyewe. Taja jina la dawa, namba ya toleo, siku na saa ya kuchomwa, dalili ulizoziona, na dawa nyingine ulizokuwa ukitumia.

Turudi kwa mzee wetu

Tuseme muuguzi hakuridhika na safu ile ya "Hapana". Anamwinamia mzee na kumuuliza, "Shikamoo, mzee. Asubuhi hii umemeza dawa gani?" Mzee anatoa mfukoni pakiti ya metformini. Kipimo kinasogezwa kwa saa chache, damu inachukuliwa, kreatinini inasomwa, daktari anaamua kiasi cha dawa na kumpa maelekezo ya siku mbili zinazofuata. Mchana picha inapigwa na mzee anarudi nyumbani salama.

Saa zile chache za kusubiri hazikupotea bure. Lakini muuguzi huyo asingekuwapo zamu, au angekuwa na wagonjwa arobaini mbele yake, pakiti ile ingebaki mfukoni. Kwa hiyo usisubiri kuulizwa mara ya pili. Unapopewa karatasi ya maswali, isome yote. Ukiwa hujui jibu, andika "sijui", kwa maana "sijui" humfanya mtaalamu achunguze, na "hapana" humfanya aendelee.

Jipime

Swali la 1: Je, mtu anayedhurika na kamba ni lazima akatae dawa ya iodini?
Jibu: Hapana. Aeleze mzio wake, kisha aufuate ushauri wa daktari.

Swali la 2: Je, mwenye kisukari aache metformini mwenyewe siku ya CT-skani?
Jibu: Hapana. Uamuzi hutegemea hali ya figo na hutolewa na daktari.

Swali la 3: Joto mwilini mara tu baada ya sindano ni ishara ya hatari?
Jibu: Kwa kawaida si hatari na hupita upesi. Kuwashwa, kuvimba uso au kupumua kwa shida ni dalili za kutaja papo hapo.

Swali la 4: Ni kwa muda gani ubaki hospitalini baada ya kuchomwa dawa?
Jibu: Dakika 30, au zaidi ukiagizwa hivyo.